Kutua kwa Ndege ni Somo la Upepo

Mwanafunzi wa Ganjoni atazamapo magharibi, ng'ambo ya bandari ya Kilindini, huziona ndege zikishuka kuelekea Uwanja wa Kimataifa wa Moi, kule Port Reitz. Aghalabu hudhani kwamba kutua ni kazi ya ushujaa, rubani akiulazimisha mtambo utii mkono wake. Dhana hiyo si sahihi, na shule zetu zina wajibu wa kuirekebisha.

Kutua huanza na upepo. Barabara kuu ya uwanja huo ina namba 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, yaani nyuzi 30 na 210 za dira. Kaskazi ivumapo, ndege hutua zikielekea kaskazini-mashariki. Kusi ishikapo zamu, huelekea kusini-magharibi. Nahodha wa jahazi aliyengoja kusi ili ang'oe nanga kwenda Arabuni aliujua upepo uo huo. Tofauti ni kwamba yeye aliupa mgongo, ilhali rubani huupa uso.

Kwa nini? Tuseme ndege ndogo ya injini moja yahitaji mwendo wa kilomita 120 kwa saa hewani ili mabawa yaendelee kuibeba. Ikiukabili upepo wa kilomita 30, hugusa ardhi kwa mwendo wa 90 tu. Ikiupa mgongo, itagusa kwa 150. Na kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, breki zitakuwa na kazi karibu mara 3 zaidi. Hapo ndipo mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Basi rubani hupunguza nguvu za injini, hushusha vibawa vilivyo nyuma ya mabawa ili ndege ibebeke katika mwendo mdogo, kisha huteremka kwa mwinamo wa takriban nyuzi 3. Akikaribia lami huinua pua taratibu, magurudumu makuu yakatangulia kugusa. Ikiwa katika hatua yoyote mambo hayakukaa sawa, huongeza nguvu, hupaa tena na kuzunguka. Abiria wengi huona huko ni kushindwa. Mimi naona ndicho kilele cha elimu ya rubani.

Tusichukulie jambo hili kuwa dogo. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa iliyokuwa ikijaribu kutua Marsabit katika hali mbaya ya hewa iligonga mlima. Watu 14 walipoteza maisha, wakiwamo wabunge. Mlima uliofunikwa na ukungu haujui cheo cha mtu. Taifa linalosafiri kwa ndege ndogo halina budi kulea abiria asiyemharakisha rubani, na rubani asiyeona haya kuahirisha kutua.

Malezi hayo yaweza kuanza darasani. Walimu wa fizikia na jiografia na wawapeleke wanafunzi ufuoni Mama Ngina wakiwa na dira na kitambaa kilichofungwa mtini. Waandike mwelekeo wa upepo muhula mzima, wabashiri ndege zitatua zikielekea wapi, kisha watazame angani kama wamepatia. Gharama yake ni ndogo mno. Faida yake ni kijana atakayetambua kwamba elimu ya urubani si ngeni kwake, kwani nusu yake imekuwa ikimpuliza usoni tangu alipozaliwa.