Ushindi Utiwe Mizanini

Ukizuka mjadala wa mpira wa magongo barazani, hauchukui muda kuwa ubishi: ni nani zaidi, mabingwa wa kale au wa sasa? Wazee husema wa kale, vijana husema wa sasa, na kila upande huhesabu medali. Mimi nasema medali si za kuhesabiwa tu. Ni za kutiwa mizanini.

Tuwatazame Wahindi. Tangu 1928 hadi 1956 walitwaa dhahabu ya Olimpiki mara sita mfululizo. Sifa hiyo hawanyang'anywi. Lakini dhahabu hizo hazina uzito mmoja. Amsterdam, 1928, zilikuwako timu tisa, na Wahindi walitia mabao 29 bila ya kufungwa hata moja. 14 kati ya hayo ni ya Dhyan Chand peke yake. Los Angeles, 1932, zilifika timu tatu tu. India iliifunga Marekani 24 kwa 1, na Marekani hiyo, iliyoshindwa mechi zake zote mbili, ikavishwa medali ya shaba! Hapakuwa na wa nne wa kuidai.

Sasa twende Barcelona, 1971, Kombe la Dunia la kwanza. Timu kumi. Kenya yetu ilifika nusu fainali, ikafungwa na Hispania, kisha ikagombea nafasi ya tatu na India hao hao, hata wakaamuliwa na muda wa nyongeza, 2 kwa 1. Vijana wetu wakarudi mikono mitupu. Je, msomaji, lipi zito: shaba ile au nafasi hii ya nne?

Wala tusidhani kwamba wazee walipata kwa urahisi. Walicheza juu ya nyasi, mpira ukiruka ovyo, na mkono mwepesi tu ndio uliweza kuutuliza. Montreal, 1976, Olimpiki ikahamia nyasi bandia. Mbio na nguvu zikapanda thamani, na India ikawa ya saba. Uwanja huo ni ghali. Penye uhaba wa fedha, mchezo ulidhoofu. Ndiyo maana shaba waliyoipata Tokyo, 2021, baada ya miaka 41 bila medali, naiona nzito kuliko dhahabu yao ya 1932.

Basi tukiwasimulia watoto wetu habari za mabingwa, tuwataje na wale wa 1971. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.