OILI YA GARI LETU ISICHAGULIWE KWA VIDOLE



Jumamosi ijayo tunakutana ofisini kuamua fedha za matengenezo ya pikapu ya ushirika. Maneno yameshaanza vijiweni. Wako wanaosema tununue oili nzito kuliko zote ili moshi uishe. Wako wanaosema ile ya kupima kwenye pipa inatosha, ati gari lenyewe zee. Sisi tunawakatalia wote wawili.

Gari hili mita yake imepita kilomita laki tatu. Ndilo linalobeba samaki na mihogo yetu kwenda sokoni, na ndilo linaloamshwa usiku kupeleka mgonjwa Kwangwa. Injini ikifa, mfuko wa ushirika hauna injini nyingine. Kwa hiyo habari ya oili si ya dereva peke yake.

Chuma huliwa zaidi asubuhi, gari linapowashwa. Usiku kucha oili imeshuka chini kwenye sampu, huko juu umebaki utando mwembamba tu. Ukitia oili nzito kupita kiasi, inachelewa kupanda, na vyuma vinasagana vikiisubiri. Tena safari zetu za hapa Nyakato hadi mjini ni fupi. Injini haijapata moto sawasawa tumeshafika, basi unyevu na dizeli isiyoungua vinabaki ndani ya oili na kuiharibu. Safari ya Bunda, ndefu vile, inaiumiza injini kidogo kuliko hizi za sokoni za kila siku.

Sasa tuchagueje? Kwa kusoma. Kisomo chenye Manufaa kilianza mikoa yetu ya Ziwa, Mara ikiwamo, mwaka 1968, wazee wetu wakajifunza herufi kwa habari za pamba na uvuvi. Leo kopo la oili nalo ni kitabu. Mtu anachovya vidole, anasugua, anasema "hii nzuri, inanata." Hajajua kitu huyo!

Kwenye kopo tafuta namba kama 15W-40. Ile yenye W inaeleza oili inavyokuwa wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, oili ni nyepesi asubuhi. Ya pili inaeleza uzito wake injini ikishachemka. Musoma hakuna barafu, kwa hiyo kulipia 0W kwa dizeli kuukuu kama hii ni kutupa hela. Kisha tafuta herufi za API. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, mfano CF-4 au CI-4. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Dizeli hutoa masizi mengi, na oili ya C ina dawa ya kuyashika yasigande. Ndiyo maana huwa nyeusi mapema. Msimlaumu dereva kwa weusi huo, oili inafanya kazi yake.

Shauri letu ni 15W-40 ya dizeli, kama kitabu cha gari kinavyoruhusu. Taa nyekundu ya oili ikianza kupepesa injini ikiwa moto, au moshi wa bluu ukizidi, 20W-50 yafaa, mradi iwe na herufi ya C. Lakini tusidanganyane: oili nzito haiponyi ringi zilizokwisha. Inatupa muda wa kuchanga fedha za fundi, basi.

Oili ya pipa hatuitaki. Haina namba wala herufi, na hujui kama haijatoka kwenye gari la mtu ikachujwa. Miaka ya mwanzo ya 1980 oili na vipuri vilikuwa adimu nchini, watu walitia walichopata na kukivuta mpaka kiwe uji. Shida ile ilipita, mazoea yake bado yako.

Lililo kubwa kuliko chapa ya kopo ni kipimo. Injini kuukuu inaweza kunywa lita moja kwa kilomita 1,000. Ukingoja kilomita 5,000 bila kuongeza, lita tano zimekwenda, na sampu iko karibu kukauka. Hapo hata oili ya bei kali haikusaidii. Stiki ichomolewe kila asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na halijawashwa. Oili ikionekana kama maziwa, maji yameingia; gari lisiwashwe, fundi aitwe.

Tunapendekeza oili na filta yake vibadilishwe pamoja kila kilomita 5,000. Filta ya hewa ikaguliwe kila wiki wakati wa kiangazi, maana vumbi la barabara zetu likiingia ndani linasaga chuma kama msasa. Oili chafu ikusanywe kwenye dumu nyuma ya ghala, isimwagwe mtaroni ikaenda ziwani tunakochota na kuvua.

Daftari la gari liko mezani kwa karani. Kila mwanachama ana haki ya kulifungua kabla ya Jumamosi, aone kilomita na lita zilizoongezwa, aje mkutanoni na hesabu yake.

Katibu