Kabla hamjafika Kariokor na tingatinga, pandeni orofa za River Road

Saa tatu usiku, eksibisheni ya mwisho River Road ikishafunga, inua macho. Chini bado kuna muuza mayai, makanga wanaoita watu wa mwisho wa Githurai, na soja aliyejikunja ndani ya koti. Juu, kwenye majengo mengi ya zamani, ni giza. Madirisha mengine yamezibwa kwa mabati, mengine yameegemewa na marobota ya bidhaa. Sasa vuka Mto Nairobi kwa Racecourse Road, uje kwetu Kariokor. Hapa utaona taa kila dirisha, na nyuma ya kila taa kuna familia iliyogawanya chumba kwa pazia ili kijana mkubwa apate pa kulala.

Nairobi ilihesabiwa kuwa na karibu watu milioni 4.4 kwenye sensa ya 2019. Kila mwanasiasa anajua kusema nyumba hazitoshi. Dawa wanayoijua ni moja: tafuta mtaa wa zamani wa kaunti, toa notisi, leta tingatinga, jenga minara. Majirani zetu wa Pangani wameshaona nyumba za zamani zikienda chini. Ngara vilevile. Neno likishafika Ngara na Pangani, mtu wa Kariokor halali vizuri.

Mimi nasema hivi: kabla hamjatugusa, geuzeni orofa za juu za tao ziwe nyumba za kupanga. Na mkizigeuza, ziwe za watu wanaofanya kazi hapo chini.

Kuna watakaosema tao si mahali pa kulala, ni pa biashara. Hebu tuulize nani aliamua hivyo. Jina la mtaa wetu linatoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyohiyo. Mwaka wa 1928 mpagazi alichongewa sanamu pamoja na askari, iko Kenyatta Avenue mpaka leo. Yaani mpagazi wa shaba alipewa nafasi katikati ya mji, na mpagazi mwenye damu alipewa nafasi ng'ambo ya mto. Mwafrika aliingia tao na kipande shingoni, akafanya kazi, jioni akarudi Pumwani, Starehe, Ziwani au Kariokor. Jengo la Kipande House, la mwaka wa 1913, bado limesimama. Siku hizi ni benki.

Wakati huohuo, wafanyabiashara Wahindi wa Biashara Street na River Road walikuwa wanalala palepale. Duka chini, familia juu, ua katikati wa kuanikia nguo. Baadaye wengi walihama kwenda Ngara, Parklands na kwingineko, na orofa zile zikawa lojingi, zikawa stoo, zikawa vyumba vya mafundi cherehani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema majengo haya hayafai kuwa nyumba, mwambie mengi yalianza yakiwa nyumba.

Tena muundo wake unasaidia. Ofisi za kisasa ni pana sana. Ukiigawanya orofa moja kuwa keja, zile za katikati hazipati dirisha, na vyoo vyote viko kona moja, kwa hiyo inabidi upasue sakafu kupitisha mabomba. Jengo la zamani la River Road au Kirinyaga Road ni jembamba. Lina madirisha mbele, madirisha nyuma, na mara nyingi ua unaoleta hewa. Chumba cha kulala ukikiweka upande wa ua, kelele za matatu zinapungua. Hata hivyo, sisi wa Eastlands kelele si ugeni. Tumelala na keshia za kanisa, disko matanga na nganya za saa kumi alfajiri, na bado tunaamka kwenda kazini.

Tupige hesabu kidogo. Chukua dada anayeuza viatu Luthuli Avenue na analala mbali. Tuseme analipa nauli shilingi 80 asubuhi na 80 jioni, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 4,160, na mvua haijanyesha bado ili nauli ipande. Ongeza saa mbili au tatu kila siku ndani ya jam. Huyu dada kodi yake halisi si ile anayompa landilodi peke yake. Nusu nyingine anampa makanga. Desemba 2018 matatu zilipofungiwa nje ya tao kwa siku moja hivi kabla amri kuondolewa, watu wa mbali waliteseka kwa miguu. Sisi wa Kariokor tulitembea kama kawaida yetu. Hapo ndipo utajua thamani ya kulala karibu.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Kuna kugeuza na kuna kugeuzageuza. Ya pili naijua kwa mwili wangu. Nilipoacha chuo, niliishi miezi kadhaa kwenye orofa ya nne ya jengo moja karibu na Kirinyaga Road. Ukuta wangu ulikuwa plaiwudi. Jirani akikohoa, nilimwambia pole bila kuinuka kitandani. Choo kilikuwa kimoja kwa orofa nzima, maji yalipanda kwa jerikeni, na waya za stima zilining'inia kwenye koridi kama kamba za nguo. Ngazi zilikuwa upande mmoja tu, na usiku mlango wa chini ulifungwa kwa kufuli, funguo akawa nayo mtu mmoja. Rasmi jengo lile lilikuwa la biashara, kwa hiyo rasmi hatukuwepo.

Mambo kama hayo yanaishia wapi, tuulize Johannesburg. Tarehe 31 Agosti 2023, moto ulichoma jengo la orofa tano katikati ya mji huo, mtaa wa Marshalltown. Watu wasiopungua 76 walikufa. Jengo lilikuwa mali ya mji wenyewe, limetelekezwa, na watu wasio na pa kwenda walikuwa wamejigawia vyumba kwa mbao na plastiki. Na enzi za ubaguzi wa rangi, jengo hilohilo lilikuwa ofisi ya pasi, kipande chao. Walipohitaji kuhesabu Waafrika lilikuwa ofisi safi. Walipohitaji nyumba likawa kaburi. Nairobi nayo isijione mbali. Aprili 2016 jengo la Huruma liliporomoka usiku wa mvua na kuua watu takriban 50. Hilo halikuwa hata jengo la zamani.

Kwa hivyo masharti yangu ni matatu, na hayana Kizungu kingi.

La kwanza, usalama kabla ya rangi. Mhandisi apime msingi na nguzo, na asiwepo mtu wa kuongeza orofa juu ya jengo la zamani eti kwa sababu kodi inalipa. Ngazi mbili za kutokea. Stima ipigwe upya. Tangi la maji, na choo ndani ya kila keja. Kipengele cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na viwango vya kufaa vya usafi. Hakijasema isipokuwa River Road.

La pili, kodi iandikwe. Mwenye jengo akija kaunti kuomba kupunguziwa reti au ada za kubadilisha matumizi, apewe, lakini naye atoe: sehemu ya keja zibaki na kodi ambayo mshona nguo na mpishi wa hoteli wanaweza kulipa, kwa miaka inayojulikana. Bila karatasi, tusahau. Kule New York, kuanzia 1995 serikali iliwapunguzia kodi wenye majengo wa Manhattan ya kusini wageuze ofisi kuwa nyumba. Zilipatikana nyumba karibu 13,000. Kumbe baadhi ya wenye majengo walipokea nafuu na bado wakawatoza wapangaji bei ya soko, mpaka wapangaji wakaenda kortini na kushinda mwaka wa 2019. Huko kuna korti na mawakili kila kona, na bado ilichukua miaka. Hapa kwetu tusipoandika mapema, orofa zote zitakuwa za Airbnb, wageni wa siku tatu, na sisi tutapanda kufua mashuka.

La tatu, asifukuzwe mtu wa kibanda. Hofu ya wenye eksibisheni ni ya kweli, kwani wengi wamewekeza goodwill ya malaki kwenye futi sita kwa sita. Orofa ya chini na ya kwanza zibaki za biashara. Kazi ianze kwenye orofa zilizo tupu au zilizojaa marobota, moja baada ya nyingine. Na kusema kweli, anayeuza chini atapata mteja anayeishi juu. Mtaa wenye watu usiku ni salama kuliko mtaa wenye soja mmoja na tochi.

Pesa je? Tangu 2024, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mwajiriwa, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Tunaona kreni na minara mipya. Kwa nini sehemu ya hizo pesa isiwe mikopo ya kukarabati orofa za tao, palipo na barabara, taa na kazi tayari? Maji na mabomba ya taka yataelemewa, najua. Lakini yataelemewa vilevile mkijenga minara Kariokor, na huko mtakuwa pia mmebomoa.

Hilton ilifunga milango mwisho wa 2022 baada ya miaka zaidi ya 50. InterContinental ilikuwa imetangulia mwaka wa 2020. Mijadala ikawa ni nani atanunua na kwa bei gani. Sikusikia ofisa akisimama kuuliza kama tao lenye vyumba vyote hivyo vitupu lingeweza kulaza watu wake. Swali hilo ndilo nataka liulizwe kila jengo la zamani likibadilisha mkono.

Vijana wenzangu, hii si ya kuachia mainjinia. Anayetaka kubadilisha matumizi ya jengo anatakiwa na sheria aujulishe umma, na umma una haki ya kutoa pingamizi. Tangazo huwa gazetini, au kwenye bango pale mlangoni, lile unalopita ukiangalia simu. Lisome. Uliza kodi itakuwa ngapi, ngazi ni ngapi, maji yatatoka wapi. Mikutano ya umma ya kaunti ikiitishwa asubuhi ya siku ya kazi, hama na marafiki watano mwende kwa zamu. Na wakija Kariokor na ramani za minara, tuwaulize kwanza kwa adabu: orofa za River Road mmeshazihesabu?