Wang'oa Vioo

Sina ugomvi na mtu auzaye vitu vikuukuu. Nusu ya vilivyomo nyumbani mwangu nimevinunua kwa watu wa namna hiyo, na wengi wao ni waungwana. Ugomvi wangu ni na kundi moja tu, dogo lakini lenye sauti kubwa, la wauzaji na wakusanyaji wa magari ya moshi ya mfano hapa Uingereza ninapoishi. Watu hawa wameufanya uharibifu kuwa elimu, kisha wakajiita wataalamu. Nitaeleza walichokifanya, nawe utahukumu.

Kwa asiyeujua ulimwengu huu, kipimo kinachopendwa zaidi Uingereza huitwa 00. Kila kitu hupunguzwa mara 76 hivi, reli zina upana wa milimita 16.5, na behewa zima halifiki urefu wa rula ya shule. Mchezo wa watoto, utasema. Lakini nenda kwenye maonyesho yake siku ya Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa au wa shule, utawakuta wazee wenye mvi wamejipanga mlangoni tangu asubuhi, na mtoto mmoja mmoja aliyeletwa kwa kuburutwa. Mimi nami huwa nimo katika foleni hiyo.

Aliyeniingiza ni baba yangu, wala hakujua kwamba ameniingiza. Nilizaliwa Muthurwa, Nairobi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na baba alikuwa fundi katika karakana ya mabehewa. Kazi yake kubwa ilikuwa madirisha. Kioo kilichopasuka kwa jiwe, kilicholegea kwa mtikisiko, kilichovunjwa na abiria mwenye mzigo usiopita mlangoni, vyote vililetwa kwake. Aling'oa vipande, akasafisha fremu, akatia kioo kipya, na behewa likarudi njiani. Sijapata kumsikia yeye wala msimamizi wake akisema kwamba behewa limeharibika kwa sababu kioo cha leo sicho lilichotoka nacho kiwandani. Behewa bovu kwao lilikuwa lile lisilo na kioo.

Baadaye, nilipokuwa kijana, alinipeleka Makumbusho ya Reli pale Nairobi kuliona behewa alimouawa C. H. Ryall wa polisi wa reli, mwezi Juni mwaka 1900 kituoni Kima, simba alipoingia ndani usiku akamtoa kupitia dirishani. Watu wengine walisoma maandishi ukutani. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye madirisha, akapitisha kidole kwenye fremu kama daktari apimaye mbavu.

Basi tuje kwenye shauri lenyewe. Jirani yangu, Mwingereza, dereva wa basi mstaafu, alifariki majira ya baridi akaacha mabehewa kumi na moja, mengi yao ya Tri-ang ya miaka ya 1950, yaani yale yaliyotengenezwa kwa plastiki, na kioo chake ni ukanda wa plastiki angavu uliobandikwa kwa ndani. Mengine yalikuwa kamili. Mengine yalikosa dirisha moja hapa, mawili pale. Moja alipewa na baba yake Krismasi ya 1957, akiwa na miaka minane, na chini ya sakafu yake alikwaruza kwa msumari herufi tatu za jina lake. Alinionyesha herufi hizo si chini ya mara kumi.

Mjane wake aliniomba nimsindikize kwa muuzaji. Bei aliyopewa ilikuwa ya haki, sina la kusema. Mama yule hakutaka kubakiza hata moja, alisema akiyaona analia. Mimi nilitaka kuliomba lile la herufi, nikaona haya, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu.

Baada ya wiki tatu nilimkuta muuzaji yuleyule kwenye maonyesho. Juu ya meza yake palikuwa na mabehewa saba ya jirani yangu, yanang'aa, kila dirisha lina kioo, na kadi ndogo imeandikwa kwamba vioo vyote ni vya asili. Chini ya meza palikuwa na sanduku la karatasi lenye vitu vya pauni moja moja. Nikainama. Mlikuwa na mabehewa manne yaliyobaki, matupu, madirisha wazi kama mafuvu. Nikayageuza moja moja. La tatu lilikuwa na herufi tatu chini ya sakafu.

Alikuwa ameyang'oa vioo haya manne ili kuyakamilisha yale saba. Nilipomuuliza hakuona aibu hata kidogo, akanieleza kwa upole kama anifundishaye kwamba hivi ndivyo ifanywavyo, kwa sababu mnunuzi hutaka kioo cha zamani. Nikamwambia nitayanunua yote manne niyatie vioo vipya. Akacheka. Akasema, "Utayaharibu."

Neno hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Hebu tulitazame hilo neno lao, asili. Behewa lililotoka kiwandani Margate na kioo chake, likakipoteza, likatiwa kioo cha behewa jingine, lina uasili gani? Kioo kile ni cha asili, naam, lakini si chake. Ni sawa na kumtia marehemu meno ya marehemu mwingine kisha ukasema kafa na meno yake yote. Na ubaya wa hila hii ni kwamba haigunduliki. Plastiki ni ileile, umri ni uleule, mkato ni uleule. Atakayelinunua behewa lile hana njia ya kujua kwamba amelipa fedha nyingi kwa vipande vya viwili vilivyounganishwa, na kwamba kwa ajili ya furaha yake behewa jingine limetupwa sandukuni. Halafu mtu huyu ananiambia mimi, ninayetaka kutia kioo kipya ambacho mtoto yeyote atakitambua kuwa ni kipya, kwamba mimi ndiye mharibifu!

Na hesabu yenyewe iko wazi. Palikuwa na mabehewa kumi na moja. Sasa yamebaki saba na mafuvu manne. Mwaka ujao mmoja wa wale saba atapoteza kioo, maana gundi ya miaka sitini hukauka na kuachia, na zile plastiki angavu za zamani zitokanazo na selulosi hugeuka manjano, hujikunja, hukatika kama jani kavu. Baadhi yake hutoa harufu ya siki, na ukiisikia harufu hiyo jua kwamba mgonjwa hana siku nyingi. Basi atang'olewa wa sita amtengeneze wa saba, na wa tano amtengeneze wa sita. Hii ndiyo huitwa hifadhi.

Wana hoja moja ya haki, nami sitaificha. Wanasema kwamba mkononi mwa mtu asiyejua, kutia kioo kipya kunaweza kuua behewa. Ni kweli, na nina ushahidi wangu mwenyewe. Behewa la kwanza nililolitengeneza nilitumia supagluu. Jioni nilikwenda kulala nikijisifu. Asubuhi nikakuta vioo vyote vimefanya ukungu mweupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Mvuke wa gundi ile hupanda unapokauka, ukatua juu ya plastiki angavu na kuganda hapo, na usiposugua kwa uangalifu mkubwa hautoki. Gundi inayoyeyusha plastiki nayo ni hatari, tone moja likipotea njia linakula ukuta wa behewa na rangi yake, na hapo hakuna toba.

Lakini hoja hiyo ni dhidi ya ufundi mbaya, si dhidi ya kioo. Ufundi mzuri si siri. Behewa huoshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, gundi ya zamani ikatolewa polepole kwa kijiti. Upana wa nafasi hupimwa kwa ndani, si kwa nje. Plastiki angavu yenye unene wa robo milimita hukwaruzwa kwa kisu kikali na rula ya chuma, kisha hukunjwa mara moja ikatike yenyewe, maana ukilazimisha kisu kipite hadi chini ukingo hupinda. Hujaribiwa bila gundi, mara mbili, mara tatu. Ndipo huwekwa gundi nyeupe ya maseremala, ile ya maji, matone madogo kwa ncha ya kijiti cha meno, pembeni tu. Ikiwa mbichi ni nyeupe na hutia hofu, ikikauka huwa angavu. Zaidi ya yote, gundi hiyo haishiki milele. Atakayekuja baada yangu akipata kioo bora zaidi, ataingiza ncha ya kisu, atang'oa changu, na behewa litabaki bila jeraha. Kuna hata madirisha madogo sana ambayo hayahitaji plastiki: gundi yenyewe huvutwa kwa kijiti toka ukingo mmoja hadi mwingine, ikabaki utando, na utando huo ukikauka ndiyo kioo.

Na nikimaliza naandika. Kipande cha karatasi, tarehe, dirisha la ngapi, plastiki gani, gundi gani, hukaa ndani ya sanduku la behewa. Mwizi wa vioo haandiki karatasi.

Niseme pia kwamba ninao wenzangu wa upande huu ambao siwakubali. Wao wanapenda kioo kuliko behewa. Hoja yao ni ya hesabu, nayo ni tamu: ukuta wa behewa la mfano ukiwa na unene wa milimita moja, katika behewa halisi huo ungekuwa ukuta wa milimita 76, na kioo kilichobandikwa nyuma yake kinaonekana kimezama kama dirisha la gereza. Kioo cha treni chenye unene wa milimita 6 kingepaswa kuwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Kwa hiyo kuna vioo vinavyokatwa kwa leza, kimoja kimoja, vikaingia ndani ya nafasi ya dirisha hadi vikawa sawa na ukuta wa nje. Kwenye behewa la Lima la Italia, lenye vile vioo vinene vinavyopinda kila ukionacho, mabadiliko hayo ni rehema, nami nimeyafanya. Lakini kuyafanya kwenye mwanasesere wa 1957 ni kumvisha babu suruali ya mjukuu. Pale ulipokuwepo ukanda uliobandikwa kwa ndani, rudisha ukanda uliobandikwa kwa ndani. Na yapo mabehewa ya bati ya Hornby-Dublo ambayo hayakuwahi kuwa na kioo kabisa, madirisha yake yamechapwa kwa rangi juu ya bati. Nimemwona mtu amekata matundu katika behewa kama hilo ili atie kioo! Sikuweza hata kumsalimu.

Lakini hawa wenzangu wanakosea kwa kupenda mno. Yule wa chini ya meza anakosea kwa kadi. Anajua kwamba ile kadi ya "vioo vyote vya asili" ina thamani ya pauni kumi, kumi na tano zaidi, na kwamba fuvu lina thamani ya moja. Amefanya hesabu, fuvu limeshindwa. Ningemheshimu zaidi kama angesema hivyo waziwazi bila kunipa somo la historia.

Nilimlipa pauni zake nne. Nimeshayamaliza mabehewa mawili, na la tatu, lile la herufi, nililianza na kulisimamisha mara kadhaa, kwa sababu mkono ulitetemeka. Mwezi uliopita likakamilika. Nikalipeleka kwa mama yule bila kumwarifu, nikiogopa atalia kama alivyosema.

Hakulia. Alilipokea, akaligeuza, akazitazama herufi, kisha akaliinua hadi usawa wa macho mbele ya dirisha la jikoni, akafumba jicho moja na kuchungulia ndani kupitia kioo changu. Akaniuliza mbona ndani hamna abiria. Nikamwambia Tri-ang hawakuliwekea abiria. Akasema mumewe alitaka sikuzote kuwaweka, na akaenda kutafuta kwenye droo bahasha aliyokuwa amewahifadhi, watu sita wa plastiki, hawajapakwa rangi.

Kwa hiyo itanibidi nilifungue tena behewa. Gundi itaachia bila taabu.