Mti wa Mpakani ni wa Nani?



Katika miteremko ya Mlalo mashamba ni madogo, nayo yamegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi. Mara nyingi alama ya mpaka ni mmea tu: safu ya masale, au mgrevilea mmoja. Mti ukiwa mche, hakuna augombeaye. Ukifikia kupasuliwa mbao za kulipia karo, ndipo kila upande huukumbuka.

Maoni yetu ni haya: ugomvi wa namna hiyo hauna budi kugawanywa katika maswali mawili. Ardhi ni ya nani? Na mti ni wa nani? Kuyachanganya ndiko kunakozaa dhuluma.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huhesabu vitu viotavyo vyenyewe kuwa sehemu ya ardhi. Basi mti uliojiotea ni wa mwenye shamba ambamo shina limesimama, hata kama matawi yake yametia kivuli mahindi ya jirani. Sheria ya kawaida ya Kiingereza, iliyopokewa Tanganyika mwaka 1920, humruhusu jirani kupunguza matawi yaliyovuka mpaka, lakini matunda yake hubaki mali ya mwenye mti. Shina likiwa juu ya mpaka wenyewe, wote wawili wana haki, wala mmoja asiukate bila ridhaa ya mwenzake.

Mti uliopandwa una neno la ziada. Kwa mila za sehemu nyingi za nchi yetu, aliyepanda ana dai juu ya jasho lake. Ndiyo maana aliyeazimwa shamba huruhusiwa kupanda maharage, lakini hukatazwa kupanda miti ya kudumu bila idhini: watu wanajua kwamba leo ni mti, kesho ni shamba. Hapa yatupasa kusema wazi. Aliyepanda kwa idhini na avune mti wake, lakini mti huo usimpe ardhi ya mwingine. Aliyepanda kwa hila ili kusogeza mpaka hana la kudai. Naboti alidhulumiwa shamba lake kwa mashahidi wa uongo. Tusiufanye mti kuwa shahidi wa namna hiyo.

Mwenye hatari kubwa zaidi ni mjane. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ulihimiza upandaji wa miti na majani ya kuzuia mmomonyoko. Mti wa miaka ile ukiwa hai leo ni mkubwa, na huenda aliyeupanda amekwisha kufa. Mke wake aliyeumwagilia maji huambiwa kwamba mti ni mali ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaheshimu mila, lakini inaibatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au walemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mjane huyo asikilizwe kama shahidi na kama mwenye haki.

Basi tufanyeje? Kwanza, shoka lisitangulie baraza. Mti ukikwisha kuanguka, ushahidi wa mpaka umeanguka nao. Pili, wazee na majirani wa pande zote waitwe shambani, waonyeshe alama za zamani. Tatu, shauri lipelekwe Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha tu mashauri ya ardhi, wala halitoi hukumu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nauli na siku zitakazopotea huko zaweza kuzidi thamani ya mbao.

Mapatano yakipatikana, yaandikwe, na mashahidi watie sahihi: nani mwenye mti, nani mwenye ardhi, na mapato yatagawanywaje siku ya kuvuna. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, msingoje ugomvi. Wahimizeni majirani waandikiane mti ungali mche, wakati ambapo hakuna tamaa ya kuwatenganisha.