Uko Ukurasa wa Ngapi?

Kwa toleo hili tuliwaomba wachangiaji wetu jambo lililowatia baadhi yao mashaka: waandike juu ya kitabu ambacho hawajakimaliza. Hatukutaka kitabu walichokipenda ujanani, wala kile ambacho mtu hukitaja mbele za watu ili aonekane msomaji. Tulitaka kilichoko mkononi sasa hivi, chenye tiketi ya basi katikati ya kurasa. Wapo waliokataa. Walisema kumhukumu mwandishi kabla hajamaliza kusema ni kumdhulumu.

Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Sisi hatukuomba hukumu, tuliomba maoni, na maoni ya aliye njiani yana kitu ambacho aliyefika hana tena. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Msomaji aliye katika kurasa za mwanzo, pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, humchukia baba huyo mlevi kwa moyo wote. Aendelee kidogo. Rosa yuko mbali na nyumbani, fimbo ya baba haimfikii, na uhuru ambao hakuna aliyemfundisha kuutumia unamponza. Hapo wasomaji wengi, hata wale waliomlaani Zakaria, huanza kumnyooshea Rosa kidole. Kisha Rosa anajiua, na kidole kile hakijui tena kielekee wapi. Kwangu mimi kugeukageuka huko kwa hasira ya msomaji ndiko riwaya yenyewe. Lakini mwulize aliyekwisha kuimaliza na kuirudisha kabatini, atakujibu kwamba inahusu malezi. Mwulize aliyefika nusu, mtabishana mpaka chai ipoe.

Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Kati ya mambo hayo mawili, naamini la pili ndilo lililoidhuru zaidi. Kitabu kilichokatazwa hujitangaza chenyewe. Kilichotungiwa mtihani hupata wasomaji maelfu wa miaka miwili, kisha kinauzwa kwa wanaofuata kikiwa na majibu ya penseli pembezoni.

Waliomaliza kidato cha nne Tanzania watakumbuka Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Wenzao wa Kenya watakumbuka Utengano, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri, kutegemea umri. Ni vitabu vizuri, na vimo vilivyo vizuri sana. Lakini tazama tulivyofunzwa kuvizungumzia: fani huku, maudhui kule, dhamira kuu, dhamira ndogondogo, wahusika bapa na wahusika duara, ujumbe, msimamo, falsafa. Hata kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi kuna nafasi yake, na jibu limo tayari katika kijitabu cha tahakiki, au mwongozo kama wasemavyo Kenya, ambacho wanafunzi wengi hukisoma badala ya riwaya. Sijapata kuona mtihani unaouliza: ulichoka wapi? Ulicheka wapi? Ungempa nani kitabu hiki, na ungemficha nani? Ndiyo maana mtu mzima mwenye shahada mbili, ukimuuliza anasoma nini siku hizi, hukohoa kwanza, kisha hujibu kama mtu anayesahihishwa.

Madhara ya malezi hayo tuliyaona vizuri Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah aliposhinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Simu zilijaa pongezi. Tulibishana kama ni Mzanzibari, Mtanzania au Mwingereza, tukabishana juu ya uraia pacha, tukabishana hata kama lugha aliyoiandikia inaturuhusu kumwita wetu. Vitabu vyenyewe havikupata wabishi. Wakati ule hapakuwa na riwaya yake hata moja iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na nakala za Kiingereza madukani kwetu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo lawama si ya wasomaji peke yao. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya iliyochapishwa kwanza mwaka 1994. Udhuru umekwisha. Mmoja wa wachangiaji wetu amefika pale Yusuf, kijana aliyetolewa na wazazi wake kufidia deni kwa mfanyabiashara Aziz, yumo katika msafara wa kwenda bara, naye analalamika kwamba kijana huyo ni mpole mno, kila kitu anatendewa yeye. Wenzangu hapa ofisini walitaka niliondoe lalamiko hilo kwa heshima ya mshindi wa Nobel. Nimeliacha kama lilivyo, kwa sababu ni lalamiko la mtu aliyesoma.

Heshima ya namna hiyo, kwa kweli, ndiyo ugonjwa wetu mkubwa. Nenda kwenye uzinduzi wowote wa kitabu. Mgeni rasmi anakabidhiwa nakala yenye utepe, anaifungua katikati, anaifunga, anamsifu mwandishi kwa uzalendo, kisha nakala ya kwanza inanadiwa kwa bei ya mbuzi wawili. Tunapiga makofi, tunakula sambusa, tunaondoka. Baada ya hapo yanatoka maandishi ya kusifu ambayo ungeweza kubadilisha jina la kitabu na yasiharibike neno. Chanzo chake kinajulikana. Ulimwengu wa vitabu vya Kiswahili ni mdogo. Mhakiki na mwandishi hukutana msibani, harusini na kwenye kamati moja ya usaili, na anayemkosoa mwenzake leo hajui kesho nani atausoma mswada wake. Hayo yote ni kweli, lakini mbona hatumfikirii msomaji? Kumpendekezea mtu kitabu ni kumwomba fedha na jioni zake kadhaa. Mwenye noti ya elfu kumi mfukoni, anayechagua kati ya riwaya na nauli ya siku chache, ana haki ya kuambiwa kwamba sura tatu za kwanza zinakokota miguu.

Anayetaka kujua pendekezo la kweli lina nguvu gani avitazame vitabu ambavyo walimu hawakuvisifu. Wapelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa hawakuingia katika mitihani yetu. Wataalamu waliviweka vitabu hivyo katika fungu la fasihi pendwa, na wengi wao walilitamka jina hilo huku wamekunja pua. Lakini vilisomwa! Vilizunguka mabwenini, kambini, gereji na ofisini, chini ya faili lililofunguliwa, mpaka majalada yakang'oka na kurasa za mwisho zikapotea, ukabaki kumwomba aliyekutangulia akusimulie ilivyokwisha. Vilitembea kwa midomo ya wasomaji tu. Aliyekuazima Kikosi cha Kisasi cha Musiba hakukueleza dhamira. Alikwambia ukianza jioni hutalala, na kwamba Jumatatu anakitaka kwa sababu kuna mtu anakisubiri. Akikupa kingine cha mwandishi yuleyule alikuonya kwamba hiki hakifikii kile cha kwanza. Uhakiki huo ulikuwa wa maneno machache, na uliaminika kwa sababu msemaji hakuwa na cha kupata wala cha kupoteza. Hadithi zinazouzwa leo kipande kwa kipande kwenye simu zinaishi kwa sheria hiyohiyo: msomaji akichoka, halipii kipande kinachofuata, na mtunzi anajua papo hapo.

Nisiwatume wenzangu nikakaa pembeni. Mimi nimerudi kwa mpelelezi Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichompa Muhammed Said Abdulla ushindi katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Mtunzi alikuwa mwandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa alilihariri gazeti la Mkulima kule Zanzibar. Namwonea wivu kidogo mhariri aliyepata wasaa wa kutunga mauaji baada ya kusahihisha makala za kilimo. Nimefika nusu. Bwana Msa na kiko chake wananichosha wanapojua kila kitu kabla ya wenzao, na rafiki yake Najum anamsifu kupita kiasi. Kuna mahali nilitamani apatikane mtu wa kumkata Bwana Msa kauli. Ila mazungumzo! Watu wa humo wanasemezana kwa Kiswahili cha barazani, cha kejeli, mizaha na adabu kwa wakati mmoja, hata nikajikuta sina haraka ya kumjua muuaji. Ningempa kitabu hiki kijana anayedhani Kiswahili cha vitabuni lazima kinuke chaki. Nisingempa mtu anayetaka risasi katika ukurasa wa pili. Huyo namwelekeza kwa Willy Gamba.

Mtu asije akaniambia nani aliyeua. Hilo ndilo sharti pekee tuliloliweka kuhusu kufichua mwisho wa vitabu. Katika riwaya za upelelezi mwisho haugusiki. Katika nyingine zote wachangiaji wameruhusiwa kusema wanachotaka. Riwaya inayokufa kwa sababu umeambiwa mhusika wake atakufa ilikuwa mahututi tangu mwanzo.

Toleo lijalo tumetenga kurasa nne kwa ajili yenu wasomaji. Tuandikieni jina la kitabu, ukurasa mliofikia, kinachowaudhi, kinachowafanya muendelee, na aina ya mtu ambaye mngemwazima. Muhtasari msitutumie, wachapishaji wameshauandika nyuma ya jalada. Kiwe cha Kiswahili au cha lugha nyingine, kiwe utenzi, wasifu, kitabu cha dini, cha ufugaji wa kuku au riwaya ya mapenzi isiyo na jalada, hatubagui. Kama rafiki yenu ndiye mtunzi, semeni hivyo katika sentensi ya kwanza. Na walioachia kitabu njiani waseme waliachia wapi, maana tutaanzisha safu ya vitabu vilivyowashinda watu. Nagona ya Kezilahabi, chembamba kile kinachowatoa jasho hata walimu wa fasihi, nadhani ndicho kitakachoifungua. Barua itakayoanza na fani na maudhui itarudishwa kwa mwenyewe.