Shujaa: Tuwalaumu makocha au wachezaji?

KILA mara timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande, Shujaa, inapolemewa kufunga trai, mashabiki humu nchini hugawanyika katika makundi mawili. Wapo wanaodai kwamba kocha hana maarifa na anafaa kufurushwa. Wengine hushikilia kuwa vipaji vya enzi ya Collins Injera na Humphrey Kayange vimekwisha, na kwamba hakuna mfinyanzi awezaye kufinyanga chungu bila udongo.

Mjadala huu si wa kupitisha muda tu. Jibu lake ndilo huamua fedha haba za mchezo huo zielekezwe wapi: kumwajiri mkufunzi mpya au kulea chipukizi. Jibu likikosewa, timu hulipa gharama kwa miaka mingi. Njia bora ya kulitafuta ni kuchunguza nyakati ambapo kitu kimoja kilibadilika huku kingine kikisalia vilevile.

Tuanze na mwaka wa 2016. Mnamo Aprili, Kenya chini ya marehemu Benjamin Ayimba iliilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore Sevens na kutwaa taji lake la kwanza la Raga ya Dunia. Miezi minne baadaye, katika Olimpiki za Rio, Kenya ilichapwa 31-7 na Uingereza, 28-5 na New Zealand na 31-7 na Japani. Timu iliyojizolea pointi 30 katika fainali moja iliambulia 19 pekee katika mechi tatu za makundi, ikamaliza ya 11 kati ya timu 12. Fiji, waliolazwa Singapore, ndio walioondoka Brazil na dhahabu.

Kocha alikuwa yuleyule. Nahodha Andrew Amonde, Injera na Oscar Ouma walikuwepo Singapore na walikuwepo Rio. Vipaji havinyauki kwa miezi minne, wala mkufunzi hasahau kazi yake kwa muda huo. Funzo ni kwamba kipute kimoja hakitoshi kuwa kipimo. Mechi ya dakika 14 huweza kuamuliwa na mpira mmoja ulioponyoka mkononi. Anayetaka kujua mashambulizi yamedorora kwa sababu gani hana budi kuangalia msimu mzima.

Misimu nayo ina mengi ya kusimulia. Innocent Simiyu alipoichukua timu baada ya Rio, Kenya ilimaliza msimu wa 2016-17 katika nafasi ya 12. Angalifutwa wakati huo, wengi wangalishangilia. Lakini aliachwa aendelee, na katika msimu wa 2017-18 vijana wake walitinga fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, wakazidiwa na Fiji katika zote mbili. Walimaliza wa nane wakiwa na pointi 104. Kilichoongezeka kati ya msimu wa kwanza na wa pili hakikuwa kipaji, bali mazoea ya kufanya kazi pamoja.

Kisha likaja tufani. Mnamo Juni 2018, katika duru ya Paris, wachezaji walifunika jina la mdhamini kwenye jezi zao wakilalamikia malipo. Kabla ya mwaka kuisha Simiyu alikuwa ameondoka, na mgogoro kuhusu kandarasi ukawaweka nje wachezaji kadhaa wenye tajriba. Paul Murunga alikabidhiwa kikosi cha chipukizi wengi. Kutoka pointi 104, Kenya ilishuka hadi 37 na nafasi ya 13 katika msimu wa 2018-19, ikiponea chupuchupu kushushwa daraja.

Hapo makundi yote mawili ya mashabiki yalijiona yameshinda. Kweli kocha alikuwa mgeni, na kweli vipaji vilipungua. Hata hivyo, mambo hayo mawili hayakutokea kila moja kivyake. Fahali wawili walipigana, yaani wasimamizi na wachezaji, na nyasi zilizoumia zilikuwa timu yenyewe.

Mfano wa tatu ni wa mwaka wa 2023. Mnamo Mei, chini ya Damian McGrath, Kenya ilishindwa na Kanada 12-7 jijini London na kuteremshwa kutoka Raga ya Dunia baada ya takriban miongo miwili. Mnamo Septemba mwaka uo huo, Kevin Wambua akiwa usukani, Kenya iliilaza Afrika Kusini 17-12 jijini Harare na kufuzu kwa Olimpiki za Paris. Wengi wa wachezaji walikuwa walewale. Wambua alidumishwa, na Juni 2024 timu ilirejea katika Raga ya Dunia kupitia mchujo wa Madrid, kabla ya kumaliza ya tisa Paris. Ikiwa vipaji vilikuwa vimekufa, ushindi huo ulitoka wapi?

Uwanjani pia dalili hutofautiana. Mchezaji akipewa mpira penye nafasi kisha akakimbizwa na kunaswa, hapo kipaji ndicho kimepungua. Lakini timu ikipoteza mateke ya kuanzisha mchezo, ikiadhibiwa kila mara kwa makosa ya penalti na kupitisha mpira kwa mchezaji aliyesimama, hilo ni tatizo la mazoezi. Raga ya saba hujengwa juu ya mateke hayo ya kuanzisha: asiyeumiliki mpira hafungi trai, hata awe na mbio za swara.

Ni haki kukiri kwamba wapinzani nao hawakulala. Ufaransa ilitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 2024, na Argentina imekuwa tishio kwa kila taifa. Hilo, hata hivyo, linatilia nguvu hoja yetu. Mataifa hayo huwakusanya wachezaji kwa mazoezi ya kudumu na kuwalipa kwa wakati.

Vipaji vingali vinachipuka katika shule zetu na katika vipute vya Driftwood mjini Mombasa, Dala mjini Kisumu na Prinsloo mjini Nakuru. Kosa letu ni kubadilisha makocha kama mashati: kati ya 2012 na 2023 timu ilipita mikononi mwa Mike Friday, Paul Treu, Ayimba, Simiyu, Murunga, Paul Feeney, Simiyu tena, McGrath na hatimaye Wambua. Hakuna mfumo wa mashambulizi unaoweza kukomaa katika hali hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya Chama cha Raga nchini (KRU) kumtimua kocha yeyote au kuwatema wachezaji, kijiulize kwanza iwapo watu hao waliwahi kupewa misimu miwili ya utulivu na mishahara isiyochelewa. Kama jibu ni la, basi bado hatujawapima makocha wala wachezaji. Tumewapima wasimamizi.